Kikombe cha Mama Mtindi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Katika redio hii hakuna anayelijua tumbo la binadamu kunishinda mimi. Nililisoma shule ya msingi, tena kwa mchoro. Ila siku mwalimu alipofika kwenye utumbo, mimi nilikuwa nje nimepigishwa magoti kwa kosa la kucheka. Kwa hiyo elimu yangu inaishia kooni.

Leo tunamkumbuka Mama Mtindi, aliyetutoka wiki iliyopita. Alikuwa mke wa kinyozi. Aligandisha maziwa, na mtaa mzima ulikula mtindi wake. Mtaa mzima, isipokuwa mtu mmoja: wifi yake, fundi cherehani, dada mkubwa wa kinyozi. Ndivyo wifi mwenyewe alivyosema, basi tumwachie kwanza.

Wifi ndiye aliyemlea kinyozi. Alimlisha uji, akamfuta kamasi, akamshonea kaptula ya kwanza. Halafu akaja msichana na sufuria yake ya maziwa, na mdomo wa mdogo wake ukahamia nyumba ya pili. Dirisha la cherehani lilitazamana na jiko la Mama Mtindi. Kila jioni wifi alimwona kinyozi akikwangua bakuli la mtindi, tena kwa kidole. Kinyozi akikwangua, dada anakanyaga pedali kwa nguvu. Kuna suruali mtaani humo zimeshonwa kwa wivu mtupu. Hazichaniki mpaka leo.

Kisha kinyozi akaumwa. Kidonda cha mguu kiliingia uchafu, akapewa antibayotiki. Kidonda kikapona, tumbo likaharibika. Wifi akampikia supu, ikapita. Akampikia wali laini, nao ukapita. Muuguzi wa zahanati akaeleza kwamba dawa ile iliua bakteria wabaya wa kidonda, na wale wazuri wa utumbo wakafagiliwa nao. Akamwambia asiache kunywa maji, aanze tena kula mtindi, kisha arudie maharage na mboga polepole. Yale makapi tunayoshindwa kuyameng'enya sisi, alisema, ndiyo chakula cha bakteria wazuri, nao hutoa asidi inayolisha ukuta wa utumbo.

Kinyozi akapona. Muuguzi alionya kuwa mtindi si dawa ya kila kitu, pengine angepona tu. Nani alimsikiliza? Kila kichwa kilichokaa kwenye kiti cha kinyozi kiliambiwa: "Mke wangu ndiye aliyenifufua."

Wifi aliyasikia hayo kupitia ukutani. Supu yake haikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Ndipo akaenda jikoni kwa Mama Mtindi kuomba chumvi, akakuta hakuna mtu, akatoka na kikombe cha mbegu. Mbegu ni mtindi kidogo wa jana, unaotiwa kwenye maziwa ya leo. Kikombe kilikuwa cheupe, ukingo wa bluu, mpini umevunjika.

Alitaka mtindi wake uwe safi kuliko wa Mama Mtindi. Basi akaimimina mbegu sufuriani na kuichemsha. Aliichemsha mpaka ikatokota, akaitia kwenye maziwa, akafunika, akangoja. Maziwa yakabaki maziwa. Akaenda kumuuliza muuguzi, akisema kuna jirani yake mmoja amepatwa na shida hiyo. Muuguzi alicheka mpaka akashika meza.

"Mwambie huyo jirani yako amewachemsha wafanyakazi," alisema. "Bakteria wa mtindi ndio wanaokula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi ndiyo inayogandisha."

Chini ya kikombe kulibaki mbegu kama kijiko. Wifi akamiminia humo maziwa ya uvuguvugu. Asubuhi yakaganda. Tangu hapo hakuthubutu kugandisha maziwa katika chombo kingine. Alijilia peke yake nyuma ya nguo za wateja, na choo chake, kilichokuwa kaidi miaka mingi, kikapata adabu. Mdogo wake hakumpa hata kidogo, maana angeuliza mbegu imetoka wapi. Hadharani alisema: "Mtindi wa wifi yangu unanijaza gesi."

Mama Mtindi alikitafuta kikombe chake mtaa mzima, kisha akaacha, akatenga mbegu nyingine kwenye bakuli. Mumewe anakumbuka maneno yake: "Kimekwenda kutembea. Kikichoka kitarudi."

Moyo wa Mama Mtindi ulisimama akiwa anakoroga maziwa. Majirani walikuja kusaidia kwenye msiba. Kwa upendo wao waliosha kila chombo cha jikoni kwa sabuni na maji ya moto, na bakuli la mbegu nalo likasuguliwa mpaka likang'aa. Makaburini kinyozi hakulia. Alilia alipofunua lile bakuli akaliona tupu. Tangu hapo akawa hali chakula.

Kwa kinyozi, kwa wanawe na kwa wifi, tunawapa pole nyingi. Mama Mtindi apumzike kwa amani. Nasi tuliobaki tutafakari tunawalisha nini wale wadogo wa tumboni. Tutafakari pia tunaulisha nini wivu, maana haujui kusema umeshiba.

Lakini siwezi kuwaaga kabla ya hili la juzi. Wifi alivuka uani na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Akamweka mdogo wake kitako, akashika kijiko, akamlisha kama zamani za uji. Kinyozi akameza. Akafumba macho.

"Umeutoa wapi huu, dada?"

"Dukani," alisema wifi. "Nimenunua sasa hivi. Kula, usiulize."

Kinyozi akala mpaka mwisho. Kisha akataka kukwangua, na kitambaa kikateleza. Ukingo ulikuwa wa bluu. Mpini haukuwepo.

"Dada," alisema, "na kikombe cha mke wangu nacho umekinunua dukani?"