Aiskrimu ya Ng'ambo

Hapa Helsinki, mtu akikusemesha kwenye tramu, ama kalewa ama ni mgeni. Bibi aliyeketi mbele yangu alikuwa mgeni kutoka Tallinn, Estonia, ng'ambo ya bahari, anarudi bandarini kupanda meli.

"Mzee mwenzangu," alimwambia Mfini aliyeketi kando yake, "enzi za Wasovieti tulikuwa tunanasa televisheni yenu kwa siri. Matangazo ya vyakula kila jioni! Marehemu mume wangu, Kalju, alikuwa akinicheka: 'Acha kumeza mate, hiyo aiskrimu ni ya uongo.' Miaka ishirini tumegombana. Hebu niambie, nani alikuwa mkweli?"

Mzee akavua kofia. Mfini akivua kofia ndani ya tramu, jiandae.

"Mama, mimi nilikuwa mpishi wa matangazo hayo. Aiskrimu ingeyeyuka kwenye taa. Tulitumia viazi vya kuponda."

"Viazi?"

"Na siagi kidogo, ving'ae."

Bibi akapaza sauti, abiria wote wakageukia madirishani.

"Yaani viazi tunavila mezani, halafu tunavitolea udenda kwenye televisheni!"

"Basi Kalju kashinda."

"Thubutu! Na nyama je? Nyama ilikuwa nyama?"

Tramu ikasimama bandarini. Mzee akashuka upesi kuliko umri wake, na bibi, mkoba kwapani, akamfuata mguu kwa mguu.