Bi Otilia na Bakuli Lililorudishwa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya kuwaongoza wanafunzi wetu watafiti kwenye nyumba za wachumaji wa stroberi hapa Santa Maria, Bi Otilia Zurita Feria anastaafu. Chuo kimemwandalia cheti. Mimi ningemwandalia kiti cha mkuu wa chuo, lakini sikuulizwa.

Alitoka jimbo la Oaxaca, ng'ambo ya mpaka wa kusini, akachuma stroberi misimu kumi na moja, kisha tukamwajiri awe mkalimani wa Kimixteki, lugha ya kwao. Barua ya ajira ilimwita "msaidizi wa muda". Wakurugenzi wanne wa kudumu wamepita, yeye yupo.

Wengi mtakumbuka sakata la pozole. Mwaka ule tulihitaji mahojiano ya familia ishirini, ndipo kaunti isikilize malalamiko ya wazazi: dawa zilinyunyizwa shambani asubuhi, watoto wakingoja basi la shule kando yake. Tulikuwa na familia sita. Ndipo mwanafunzi wetu Garrett, kijana mwenye adabu zote isipokuwa ile iliyohitajika, alipoandaliwa bakuli la pozole, mchuzi wa mahindi na nyama, nyumbani kwa Bi Catalina, mmoja wa wachumaji, akalirudisha. Kamati ya maadili ya chuo, ambayo haijawahi kuinamia tuta la stroberi hata moja, ilikataza kupokea chochote kwa wahojiwa. Kwa Wamixteki, anayekataa chakula chako amekukataa wewe. Kufika jioni, mtaa mzima haukuwapo nyumbani, ingawa redio zililia madirishani.

Bi Otilia hakuandika barua pepe. Kesho yake alimnyima Garrett chakula tangu asubuhi, akamrudisha kwenye mlango uleule. Bi Catalina akamtazama. "Leo una njaa, mwanangu, au bado una sheria?"

Garrett alimaliza mabakuli matatu, pilipili ikimtoa machozi, na la nne akafungiwa aondoke nalo. Bi Catalina alizungumza kwa saa mbili nzima. Majirani, waliokuwa wamehesabu kila kijiko kupitia dirisha, wakafungua milango, kila mmoja na sufuria yake. Tulipata familia ishirini na tatu. Garrett alipata kilo nne. Kaunti ikasikiliza, na unyunyizaji wa asubuhi ukakoma.

Kamati ilipomwita Bi Otilia ajieleze, alifika na chungu. "Kuleni kwanza," akawaambia, "mtanifukuza mkishiba." Walishiba, na kanuni ikabadilishwa.

Nafasi yake anaichukua Yareli, binti wa Bi Catalina, mmoja wa wale watoto waliokuwa wakingoja basi.

Asante, Bi Otilia. Pumzika kwa raha na afya. Tukibisha hodi kwako, tutakuja na njaa.