Hatua za Susu

Mnisamehe nikisoma bila kuinua macho. Nikiwaangalia nitanyamaza.

Ndugu zangu, nilizaliwa na nyonga isiyokaa vizuri kwa shimo lake. Nilipoanza kutembea nikawa nachechemea, na watu wa hapa Tawa wakafurahi. Ndiyo, walifurahi! Susu, yaani mamake baba, ambaye nimepewa jina lake, alichechemea vivyo hivyo mpaka akafa. Wakasema amerudi. Baba aliniita "Mwaitu", mama yangu, na jioni akinisikia nikiburuta mguu uani, alitabasamu peke yake.

Nikiwa kidato cha pili maumivu yalizidi. Niliacha kuteka maji, halafu nikashindwa hata kuchuchumaa chooni. Daktari akasema nyonga imelika, itolewe, niwekewe ya chuma.

Baba akakataa. "Mwaitu, unataka nikuzike mara ya pili?"

Nawaambia, niliogopa. Nilijiuliza kama ni mimi ninayeumwa, ama ni Susu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja akamkuta mezani.

"Wewe kitinda mimba unajua nini? Mama alikuwa anauma leso ndio msimsikie akilia. Hiyo leso ni mimi nilikuwa naifua."

Baba akasukuma sahani. Alikaa hapo mpaka chakula kikapoa. Kisha akaniambia, "Panga nguo. Tunaenda hospitali."

Nilirudi na magongo. Siku niliyoyaacha, nilivuka uani, na baba akauliza akiwa ndani, "Nani huyo anapita?"

"Ni mimi, baba."

Akatoka, akaitazama miguu yangu, akarudi ndani. Nikamsikia akilia kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo.

Daktari aliniuliza kama nimeridhika. Nilisema ndiyo, na si uongo: nalala usingizi, naenda shule kwa miguu. Lakini giza likiingia, uani kunakuwa kimya sana. Baba anasikiliza. Mimi pia nasikiliza.

Asanteni akina mama mlionitekea maji na kuniosha. Asante shangazi, kwa kusema kitu ambacho mlikuwa mmekificha na marehemu. Asante baba, uliyekubali.

Mtoto akifanana na mtu mliyempenda, mpendeni. Lakini mwulizeni kama anaumwa.