Majivu kwenye Sakafu ya Skwoshi

Mzee Chilumba alianguka kwa ubavu wa kushoto, na mfupa wa nyonga ukalia. Nilidhani raketi imevunjika. Nikaitazama raketi, ndugu zangu, badala ya kumtazama mtu. Raketi ilikuwa nzima. Yeye yuko chini, uso umempauka, na neno la kwanza lililomtoka halikuwa "niokoeni". Alisema, "Somoe, mpira ulidunda mara mbili. Pointi yako."

Niliomba nafasi ya mwisho leo kwa sababu najijua, nikishalisema hili sitaweza kukaa kusikiliza la mwenzangu. Shikamooni wazee. Wenzangu wa kikundi, mlioacha pombe kama mimi, hamjambo. Na mgeni wetu rasmi, uliyetupa haya mabenchi tunayokalia, karibu. Nitakufikia.

Mnanijua mimi ni Somoe wa Lisekese, yule aliyekuwa analala mtaroni, mbuzi wanamruka. Hamkujua kwamba nilikuwa mcheza skwoshi. Haya chekeni, kisha mnyamaze.

Kile kiwanda cha korosho njia ya kwenda Newala, kabla hakijafa, wazungu waliofunga mitambo walijijengea chumba kirefu, kuta nyeupe, hakina dirisha. Wanaingia wawili, kila mtu na raketi yake, wanaupiga ukutani mpira mdogo mweusi, huyu akipiga, na huyu anapiga. Ukidunda sakafuni mara mbili hujaufikia, umekosa. Ndiyo skwoshi, hakuna uchawi mwingine. Wazungu wakaenda zao, chumba kikabaki, na Mzee Chilumba wa Mkunya akabaki nacho. Alikuwa fundi wa boila. Alianza kwa kuwaokotea mipira, akaishia kuwafunga.

Mimi nilikuwa mbanguaji. Darasa la nne, basi. Vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, na mnayajua yale mafuta, yanachubua ngozi kama moto. Tulikuwa tunapaka majivu mikononi ili yayanywe. Siku moja nikachungulia mle chumbani, nikashika ukuta, nikaacha vidole vitano vyeusi kwenye chokaa. Nikangoja matusi.

"Mkono wa nani huu?"

"Wangu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mkono mrefu. Ingia."

Nikaingia, na sikutoka miaka. Kila jioni kengele ya zamu ikishalia. Mwezi wa sita baridi inashuka, na mpira wa baridi haudundi, umekufa. Basi mzee anauweka kwapani, ananiulizia habari za nyumbani, mama hajambo, mihogo imeshika vipi, mpaka mpira upate joto. Hapo ndipo anasema, "Haya, piga." Nikipiga vizuri nilikuwa nasimama kuusifia mpira wangu. "Rudi kati!" Nikipiga vibaya nasimama kuujutia. "Rudi kati, Somoe! Kulia utalia nyumbani!" Mwanzo alinifunga tisa bila. Baadaye tisa kwa mbili. Ikafika siku nikapata saba, mzee akakaa chini anahema na kucheka, anasema, "We mtoto, unataka nife kabla ya pensheni?"

Wabanguaji wenzangu walinisimanga. "Somoe, huo ukuta umeshatoa mahari?" Nawajibu, "Bado, unaringa."

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa moja. "Humu hatuna refa. Mpira wako ukidunda mara mbili, sema mwenyewe. Usingoje niseme mimi." Siku moja ulidunda mara mbili nikaupiga tu, kimya. Akaweka raketi chini, akarudi kwenye boila lake. Wiki nzima ni salamu tu kati yetu. Ile wiki ilinifundisha kuliko darasa zote nne.

Ikaja ruksa ya biashara huria. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, korosho zikawa zinapakiwa ghafi, na maganda yake, kwenda kubanguliwa ng'ambo. Mzee Chilumba alibakizwa kulinda boila, sisi wengine tukaambiwa tukapumzike nyumbani. Mpaka leo tunapumzika. Chumba chetu kikafanywa ghala, na bwana ghala alikuwa Namtuka.

Ndiyo, nimemtaja. Mwenyekiti usinikonyeze. Najua desturi ya kikundi ni kutotaja mtu. Leo mtanisamehe.

Namtuka alijaza mle mapipa ya mafuta ya maganda yaliyobaki kiwandani. Wakati huo Mzee Chilumba alikuwa ameandika barua Dar es Salaam, kwenye klabu moja iliyokuwa inatafuta mwanamke wa kufundisha akina mama na watoto skwoshi. Kazi yenye chumba cha kulala. Akawaandikia, ninaye mmoja, njooni mumwone. Mama mmoja wa klabu akakubali kuja, siku moja tu, anarudi na basi la mchana. Mzee akamwomba Namtuka atoe mapipa. Akatoa. Kumbe pipa moja lilikuwa limevuja, na hakutaka tajiri wake ajue.

Asubuhi ile nikamuuliza, "Bwana ghala, sakafu vipi?"

"Safi, dada Somoe! Hata ubwabwa mnaweza kula pale chini."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa sina pa kujificha. Nilipoingia niliona majivu. Yamefagiwa, lakini upande wa mbele kushoto yameganda. Kila mbanguaji anajua majivu huganda pale penye mafuta. Na harufu nikaisikia. Yule mama wa Dar alishakaa kule juu, kwenye kibaraza cha watazamaji, daftari mapajani. Nikajiambia, nikisema kitu hapa, ataondoka na basi lake na hatarudi tena. Nikanyamaza. Tukaanza. Nilikuwa naongoza, wallahi nilikuwa naongoza, nikapeleka mpira pale mbele kushoto. Nilizoea kuupeleka pale. Mzee akaukimbilia.

Mengine mmeshayasikia.

Gari la kampuni lilikuwa uani. Namtuka akamwambia dereva, "Mzee huyo kalewa uraka wake wa mabibo, asije akanitapikia garini." Na ofisini akaeleza hivyohivyo, ikaandikwa, kwa hiyo hakutibiwa kama mfanyakazi aliyeumia kiwandani, akawa mlevi aliyeanguka. Mzee Chilumba! Mtu wa swala tano, asiyeonja hata togwa iliyolala! Tulimbeba kwa kitanda cha kamba. Mfupa haukuunga. Akapandishwa kwao Mkunya, na korosho zilipochanua tena tukamzika.

Yule mama wa Dar aliondoka na basi lake la mchana. Simlaumu.

Mimi nikaanza na uraka, maana mabibo hayanunuliwi, yanaoza tu chini ya mikorosho. Kisha gongo. Mtu aliyesingiziwa pombe hakunywa, nikanywa mimi. Mazishini nilikwenda nimelewa, watu wakanipisha njia kama mgonjwa wa ukoma. Na Namtuka akapata ushahidi. Akawa ananionyesha kwa kidole sokoni, "Si mnaona? Yule kocha, huyu mwanafunzi." Hilo, ndugu zangu, ndilo linaniuma mpaka leo. Nilimwaga jina la mzee wangu mtaroni kwa kinywa changu mwenyewe.

Aliyenitoa ni mjane wake, Mama Salima. Alishuka kutoka Mkunya, akanikuta kilabuni saa nne asubuhi. Mkononi ana raketi, ameifunga kwenye kanga.

"Alisema hii ni yako."

Nikalia. Nikamwambia neno nililolimeza miaka yote ile. "Mama, niliona majivu. Harufu niliisikia. Nilinyamaza."

Hakunipiga. Alikaa pale kwenye gogo, katikati ya walevi. Akasema, "Unadhani fundi wa boila hakuisikia? Aliniambia kitandani, kwa maneno yake: Niliona majivu, nikamtazama Somoe, akainamisha macho. Nikajua anaitaka sana safari hii ya Dar. Nikaingia."

Nikaipokea raketi.

"Nyonga aliivumilia," Mama Salima akaendelea. "Ila la ulevi hakuliweza. Kila mgeni akija kumjulia hali, anamuuliza, nawe umesikia kwamba nililewa? Mpaka siku ya mwisho anauliza. Sasa wewe unakunywa, wanasema ndivyo alivyokuwa. Usininywee mume wangu, mwanangu. Inuka."

Tangu siku ile sijaonja. Siku nne za kwanza nilitetemeka kama kifaranga, Mama Salima akawa ananinywesha uji. Kisha mkanipokea nyie, nikiwa nanuka. Mama Fatu ulinipa godoro. Mwenyekiti ulikuwa unapita kila asubuhi kunusa pumzi yangu, nakutukana, na kesho unarudi. Asanteni. Siwezi kuwalipa. La kuwaachia ni lile la mzee, kosa lako liseme mwenyewe kabla halijasemwa na chupa. Na ukishapiga vibaya, rudi kati.

Nimesema la kwangu. Limebaki moja.

Bwana Namtuka, mgeni rasmi, ulidhani umealikwa kukata utepe wa mabenchi. Ni mimi niliyemwomba Mwenyekiti akualike. Sitaki ufungwe. Sitaki fidia, umri wa fidia umepita. Yule pale mstari wa pili mwenye kanga ya kijani ni Mama Salima. Ameamka alfajiri kuteremka kutoka Mkunya. Hapa wamekaa walevi wa zamani watupu, tunamjua mlevi kwa macho tukiwa mbali, na hatudanganyiki.

Simama. Mwambie huyu mama kwamba mumewe hakulewa. Useme nani alimwaga majivu yale, na kwa nini gari halikuondoka uani.

Humu hatuna refa, bwana ghala. Sema mwenyewe. Tunangoja.