Unga wa Kopo na Mizani ya Pamba

Ndugu zangu wa Kalemela, mimi si msemaji, kwa hiyo nitaanza na barabara, maana hiyo ndiyo naijua. Nilitoka Tunduru kwenye korosho na begi moja. Nikalala Songea, nikalala Makambako, Dodoma gari likaharibika tukakaa siku mbili. Halafu Singida, Shinyanga, Maswa. Mimi ni mtu wa Lalago, huko Maswa, na miaka yote niliyotembea, Mbeya, Geita, kote huko, nilikuwa nakumbuka harufu ya pamba iliyoanikwa uani kwa mama. Lakini basi liliposimama Maswa sikushuka. Wazazi hawapo, ng'ombe hawapo. Nilibaki kwenye kiti mpaka Bariadi. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu.

Nilipata kazi ya kupakia pamba. Lori linakuja kituo cha kununulia, ubao unaegemezwa, unapanda na gunia mgongoni. Nilifanya msimu mmoja vizuri. Kabla ya msimu wa pili, msimamizi alituita mimi na mwenzangu mmoja, mtu wa Lagangabilili, rika langu.

"Wazee wangu," akasema, "safari hii nachukua vijana. Nafasi ya mtu mzima ni moja. Siku ya kwanza nitawaangalia kwenye ubao."

Mwenzangu akacheka. "Basi mmoja wetu akachunge mbuzi."

Tulikuwa na miezi mitatu. Nyuma ya soko kulikuwa na banda la mazoezi, vyuma vyake ni ekseli za magari na makopo yaliyojazwa zege. Tukaanza kwenda. Hapo alikuwapo kijana mmoja mwenye kifua kipana, anauza unga wa mazoezi. Anauchota kwenye ndoo, anakuwekea kwenye kopo lisilo na maandishi. Akaniambia unajenga msuli na unakata kitambi.

"Mimi najengwa na dengu," mwenzangu akasema.

Ndipo tukakubaliana tujaribu. Vyuma vilevile, siku zilezile. Mimi nitakunywa unga, kijiko kimoja kwa siku. Yeye atakula ugali, dengu na maziwa ya mgando. Kila Jumamosi karani wa pamba alituruhusu kupima uzito kwenye mizani yake. Unashika ndoano kwa mikono miwili, unakunja miguu, unaning'inia kama gunia. Tumbo na mkono tulipima kwa kamba, tunafunga fundo.

Mwezi wa kwanza nikaongezeka kilo nne, yeye kilo moja. Mwezi wa pili nikampita mbali kabisa. Pale bandani wakaanza kuniita bonge.

Mwenzangu alikuwa anaangalia kamba. "Na tumbo nalo limepita fundo."

"Huo ni msuli."

"Msuli unaotikisika?"

Tukacheka. Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo wakati ule sikulisema. Nilikuwa nakunywa vijiko vitatu, si kimoja. Asubuhi mbele yake kimoja, viwili chumbani. Niliitaka ile nafasi. Nilichoka kuondoka kila mahali. Nilitaka kukaa sehemu moja nizeeke hapo, na ubao ule ndio ulikuwa mlango.

Mama mwenye nyumba, ambaye tulimwita mayu kwa Kisukuma kama mama wa kila mtu, alinitazama asubuhi moja baada ya kusalimiana. "Uso wako umevimba." Nikamwambia ni mazoezi. Viatu vilikuwa vinanibana, nikakata visigino na kuvivaa kama ndala. Kupanda ngazi mbili nilikuwa nahema. Sikujiuliza. Mizani ilikuwa inapanda, na mimi nimelelewa kwenye pamba. Kwetu mizani ikipanda, mwaka umekuwa mzuri.

Siku ya kwanza ya msimu nikaitwa mimi kwanza. Nilipanda ubao hatua nne, tano. Magoti yakaishiwa nguvu. Sikuteleza, yalikunjika tu. Nikaanguka na gunia, na mwenzangu aliyekuwa amesimama chini akishikilia ubao nikamwangukia. Kifundo cha mkono wake kikavunjika. Nilikisikia.

Karani akatoka kwenye mizani. Akapandisha suruali yangu, akabonyeza mguu kwa kidole gumba, vilevile anavyobonyeza pamba anapoitilia shaka. Shimo likabaki. Watu wote wakaliangalia.

"Mkulima mwizi anamwagia pamba maji ili ipate kilo," akasema. "Wewe umejimwagia mwenyewe. Na mimi miezi mitatu nakupima, sijakugusa hata siku moja. Kosa langu pia."

Mnangoja niseme kwamba nililia. Sikulia. Sikusikia kitu moyoni. Nafasi ilichukuliwa na kijana, sisi wawili tukapelekwa hospitali, na nilikuwa naangalia ukuta kama mtu anayesubiri gari.

Daktari alikuta presha iko juu sana. Akasema inaelekea unga ule ulichanganywa na dawa ya kuvimbisha mwili. Akanipangia namna ya kuacha polepole, maana kuacha ghafla kungeniumiza. Ilichukua miezi. Kilo zote ziliondoka, na nyingine zangu za zamani zikaenda nazo. Mayu alileta uji bila kuulizwa. Mwenzangu alikuja na mkono wenye plasta, akakaa kitandani kwangu.

Nikamwambia, "Nilikuwa nakunywa vijiko vitatu."

"Nilijua. Kopo lako lilikuwa linaisha kabla ya mwezi."

"Mbona hukusema?"

"Ungeona naogopa kushindwa."

Sisemi kila unga ni sumu. Daktari alinieleza kuwa upo uliokaguliwa unaomsaidia mtu kidogo, kama anakula na kupumzika. Mimi sikujua ninachokunywa. Na nilipima uzito nikauita nguvu. Ukitaka kujua nguvu yako, beba kitu, kisha mwite mtu asiyekuogopa akushike mguu.

Msimu uliofuata msimamizi akanipigia simu. Kijana ameacha, nafasi ipo, niende nikajaribu. Nilikuwa na uwezo wa kupanda ubao tena, polepole. Nikamwambia ampe mtu wa Lagangabilili, mkono wake umepona. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Hata hapo sikusikia kitu kikubwa, ila usiku ule nililala mpaka asubuhi.

Nikaondoka Bariadi Jumatatu. Nilipita kwa karani, nikamshukuru kwa kidole chake. Nikapita kwa daktari. Mayu nilimkuta anaanika michembe ya viazi vitamu, akaniwekea viazi hivyo kwenye mfuko, akasema nisivimalize njiani. Hao, pamoja na mwenzangu yule, ndio sababu nimesimama hapa.

Mwenzangu alikuja stendi na nguo za kazi, vumbi la pamba kichwani.

"Unaenda wapi safari hii?"

"Kalemela. Kuna kazi ya mashamba ya mpunga."

"Utakaa?"

Nikamwambia sijui.

"Basi usinipigie ukifika," akasema. "Kufika unajua. Nipigie ukivuna ulichopanda mwenyewe."

Akanipa mkono, ule uliovunjika, na ukanibana mpaka nikasikia maumivu.