Kona ya Juu Kulia

Wasikilizaji wapendwa, kama una kitu jikoni, punguza moto kwanza, kisha rudi ukae. Leo namkumbuka mtu aliyetuacha, na nawaambia mapema kwamba nina hasira. Mkuu wa vipindi ameniomba niwe na staha. Nimemwambia nitajaribu.

Marehemu alikuwa mchoraji. Watu wote walimwita Rula, kwa sababu hakutoka nyumbani hata siku moja bila rula ya chuma kwenye mfuko wa shati. Amefariki Jumanne asubuhi, kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Rula ndiye aliyechora majalada ya santuri za ile bendi ya roki ambayo ninyi nyote mnaijua. Narudia, kwa sababu mmeambiwa vingine, na waliowaambia ni watu kama mimi. Majalada yale aliyachora Rula.

Jina la bendi sitalitaja. Limetajwa vya kutosha katika studio hii.

Rula alianza kwa kuandika vibao vya maduka. Kinyozi, fundi viatu, daktari wa meno. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya kiwanda cha uchapaji. Dirisha moja, na meza aliyoitengeneza kwa mlango wa zamani, kitasa bado kipo. Mke wake, ambaye leo ni mjane, alikuwa akimletea chai na kuiweka mbali na kikombe cha brashi. "Mara mbili alikunywa maji ya rangi," mama huyo ameniambia. "Mara ya tatu nikasema, huyu sasa ameyapenda."

Siku moja waliingia vijana wanne wenye nywele nyingi. Walikuwa wamerekodi santuri yao ndogo ya kwanza, wimbo mmoja kila upande, na hawakuwa na jalada. Mwimbaji wao anaitwa Kinara. Jina hilo alijipa mwenyewe, na hapo tu ungeshajua unashughulika na mtu wa aina gani. Kinara alitaka joka linalotema moto. Rula akamuuliza, "Umeshawahi kuliona?" Akamchorea pasi. Ilikuwa pasi ya umeme ya mkewe, inatoa moshi, na waya wake unaishia kwenye gitaa. Rangi zilikuwa mbili tu, nyeusi na nyekundu, maana mtambo wa jirani siku hiyo ulikuwa na hizo mbili. Nyuma, chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa punje ya mchele, akaandika: Mchoro, Rula.

Watu waliinunua kwa sababu ya pasi. Msinibishie, nilikuwepo. Kinara wakati ule aliimba kama kiti kinachoburutwa sakafuni, na nikisema ukweli hajabadilika sana. Lakini pasi ile niliibandika ukutani chumbani kwangu, na dada yangu naye akanunua ya kwake.

Ikaja santuri kubwa ya kwanza. Rula akachora kiti cha miguu mitatu, kimesimama wima katikati ya barabara, hakianguki. Ikaja ya pili. Akachora mikono minane juu ya meza tupu. Hakukuwa na uso hata mmoja, ila kila shabiki alijua mikono ya nani ni ipi. Ya mpiga dramu ilitambulika kwa kidole kilichopinda. Ya Kinara haikuwa na hata mkwaruzo, maana hakuwahi kubeba spika.

Kwenye santuri ya tatu, Kinara akaanza kuuza sura. Akaenda kule chumbani akasema watu wanataka kumwona. Rula akachora nyuso nne zinazochungulia dirishani. Kinara akazirudisha. Alisema kichwa chake kimeonewa.

"Vyote ni sentimita nne," Rula akamjibu. "Nimepima."

"Changu kiwe tano."

Kikawa tano. Kwenye ya nne kikawa tisa, na wenzake watatu wakaonekana ndani ya miwani yake ya jua, wadogo, wakipiga vyombo. Amevaa koti la ngozi na ana mabawa. Rula aliyachora mabawa yale shingo upande, na mkewe anasema alipomaliza aliosha mikono kabla ya kuosha brashi.

Halafu zikaja CD, na majalada yakasinyaa. Hapa ndipo penye vituko. Jalada lilipungua, kichwa kikazidi kukua. Ile santuri ya kiti walipoitoa upya, nusu ya kiti ilikatwa ili apite Kinara. Na jina la Rula? Kwenye pasi lilikuwa nyuma. Kwenye ya tatu lilihamia ndani. Kwenye ya nne akawa "na wengine". Kwenye CD halikuwepo kabisa. Ofisi ya bendi ilimwambia nafasi haitoshi. Nafasi ya mabawa ilitosha.

Rula hakudai shukrani, wasikilizaji wapendwa, wala hakudai picha yake iwekwe popote. Alitaka yale maneno mawili yarudi. Mchoro, Rula. Jumla alichora majalada manane, na kwa miaka mingi alikwenda kwenye ofisi ile, akakaa kwenye kochi la wageni na rula yake mfukoni, akaambiwa bosi yuko kwenye mkutano.

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri. Katika kila jalada la Rula, kasoro lile la pasi, kona ya juu kulia iko tupu. Hakuna mstari, hakuna herufi. Mraba mdogo wa rangi moja. Bendi ilipomwacha na kumchukua mbunifu wa kompyuta, mbunifu akatoa jalada jeusi tupu lenye sura ya Kinara, lakini ile kona akaiga. Aliambiwa ndiyo alama ya bendi.

Na Kinara akaieleza. Alikaa hapa, kwenye kiti kinachonitazama sasa hivi, mbele ya kipaza sauti kile, akasema, "Ile kona ni utupu wa nafsi ya mwanadamu wa leo. Ilinijia nikiwa bafuni." Unajua mimi nilisema nini? Nilisema, "Maneno mazito sana hayo." Mkanda upo. Nimeusikiliza juzi nikatamani kujificha chini ya meza. Mhadhiri mmoja akaandika kurasa arobaini juu ya utupu huo. Vijana wakajichora mraba mtupu begani. Fikiria mtu unalipia tatuu ya kitu ambacho hakipo.

Mwaka huu bendi inatimiza miaka arobaini. Wametoa kasha la sherehe, santuri zote ndani, na kijitabu cha karatasi nzuri. Rula alipiga simu kabla halijachapwa. Kinara mwenyewe akapokea, ajabu hiyo, akamwambia, "Mzee wangu, safari hii jina lipo. Wasiwasi wa nini?" Rula alikuwa ameshapoteza macho kwa miaka miwili. Akawa anasubiri kasha. Mkewe anasema kila gari likisimama nje alikuwa anauliza kama ni posta.

Hawakumletea. Binti yake, ambaye ni mfamasia, alikwenda kulinunua dukani kama mteja mwingine yeyote. Akakaa pembeni ya kitanda cha baba yake, akachana plastiki.

"Nimeandikwa?" baba akauliza.

Binti akapitia kijitabu mwanzo hadi mwisho, akarudia. Palikuwa na shukrani kwa watu thelathini na mmoja, kinyozi wa Kinara akiwemo. Mbwa wa Kinara alikuwemo pia. Chini yake: Dhana na michoro yote, Kinara.

"Umeandikwa, baba," binti akasema.

"Wapi?"

Swali hilo hakulitegemea. Akatazama jalada lililokuwa mikononi mwake, akaona sehemu moja tu yenye nafasi. "Mbele kabisa, baba. Kona ya juu kulia."

Rula akacheka mpaka akakohoa.

"Hapo hapaandikwi kitu, mwanangu," akasema. "Hapo ni pa bei."

Ndiyo hivyo, wasikilizaji wapendwa. Santuri ile ya pasi ilipofika madukani, wauzaji walibandika kibandiko cha bei juu kulia, kila duka palepale, na kikafunika moshi aliouchora kwa siku mbili. Rula akatoa rula yake palepale dukani, akapima kibandiko. Sentimita tatu kwa mbili. Tangu siku hiyo akawa anaiachia bei nafasi yake, ili isiguse kazi. Huo ndio utupu wa nafsi ya mwanadamu wa leo. Kurasa zile arobaini ziwashieni moto.

Halafu akaushika mkono wa binti yake. "Umenidanganya kwa mapenzi," akamwambia, "ila umekosea kona." Kwa hiyo alijua. Aliishi siku tisa zaidi akijua.

Jana tulimzika. Ofisi ya bendi ilileta shada la maua na kadi. Kadi ilikuwa na picha ya Kinara, mabawa na yote, na maandishi: "Kwa mpiga picha wetu mpendwa." Mpiga picha. Rula hakuwahi kumiliki kamera. Binti aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza ya wageni iliyokuwa inayumba. Ni kazi pekee ya maana ambayo kadi ile iliwahi kufanya.

Katika wale wanne alikuja mmoja, mpiga dramu, na kile kidole chake. Alisimama mbele ya mjane akasema, "Mama, tulijua. Wote tulijua. Tuliona ni jambo dogo." Mama akamjibu, "Kwenu ndiyo."

Kwa mama, natoa pole zangu kwa moyo wote. Kwa binti, pole sana, na unisamehe. Nilikuwa na kipaza sauti miaka yote hiyo nikakitumia kumvika Kinara kilemba cha ukoka. Na ninyi mnaonisikiliza, leo fungueni kabati. Toeni kitu mnachokipenda, santuri, kitabu, chochote, mtafute nani alikifanya. Msipoona jina, ulizeni. Mkijibiwa kwa maneno mazito sana, ulizeni tena.

Binti ameniletea mzigo hapa studio. Kazini kwake ana mashine ya kuchapa vibandiko vya chupa za dawa, na amechapa roli nzima. Sentimita tatu kwa mbili, kila kimoja kimeandikwa: Mchoro, Rula. Anayevitaka atavikuta mapokezi, havina bei.

Fundi mitambo amenitolea majalada ya maktaba yetu, na nilipokuwa nikiongea nanyi nimekuwa nikibandika. Vibandiko saba vimeshakaa, kona ya juu kulia, na hakuna hata kimoja kilichogusa mchoro. Lile jeusi la kompyuta nimelirudisha kabatini jinsi lilivyo. Utupu ule ni wa Kinara, abaki nao.

Limebaki la pasi. Hilo halina nafasi juu, na sikulibandika kitu. Nimeligeuza, nimevaa miwani, na pale chini kabisa jina lipo.