Mzee Pius na Chujio Lisilofutwa kwa Tambara

Ndugu waombolezaji, maisha ya Mzee Pius Mashimba yanasomwa na binti yake Bernadeta kwa niaba ya familia, na kwa kuwa marehemu hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, leo pia hapakwi mtu.

Marehemu alizaliwa Misungwi tarehe 12 Machi 1951, akamaliza darasa la saba mwaka 1967, akaajiriwa mwaka 1972 kuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akadumu huko hadi alipostaafu mwaka 2006, akiwadharau wakubwa na wadogo bila upendeleo.

Alifunga ndoa na Bi. Evelina tarehe 18 Oktoba 1975, wakajaliwa Josephat na Bernadeta, na mwaka 1979 akanunua Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo injini yake haina chujio la oili la kununua na kutupa, ila wavu wa chuma huko chini, unaofunguliwa nati sita, ukaoshwa kwa mafuta ya taa na kuachwa ukauke wenyewe, kwa sababu tambara huacha nyuzi, na nyuzi huziba njia ya oili.

Hayo alimwambia Josephat mpaka mate yakamkauka, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Agosti 2019 mtoto huyo wa miaka arobaini na tatu alilifuta chujio kwa fulana kuukuu, akampakia baba yake kwenda Misungwi, taa ya oili ikawaka, naye akabandika plasta juu yake ili isimsumbue macho, na injini ikanoki, ikazimika kabisa njiani pale Usagara, mbele ya kadamnasi. Lo, fundi huyo!

Injini ilifumuliwa ikaundwa upya, kazi ya chujio akapewa Bernadeta, ambaye kila alipomaliza alisimangwa, mara wavu una uchafu, mara nati amezikaza kama anafunga gunia, naye akaosha tena kwa uchungu, maana alitaka baba yake amkubali, basi.

Tarehe 4 Februari 2024 marehemu alipatwa na kiharusi, ulimi ukawa mzito. Mei mwaka huu wa 2025 Bernadeta alimpelekea chujio kitandani, mzee akalishika kwa mkono wa kushoto, akalielekeza dirishani, akalitazama weee, akamrudishia bila kusonya, na Bernadeta akatoka nje kulia. Mzee alifariki tarehe 9 Juni 2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kiseke, na wafanyakazi wenzake wote waliomvumilia. Inawashukuru pia wazee wa ukoo, ambao jana walimpa Josephat gari kwa sababu moja tu, kwamba ni mwanaume. Bernadeta hakupinga, funguo ziko mezani, gari liko uani, na chujio amelifungua asubuhi hii, liko kwenye beseni la mafuta ya taa mbele yenu, kwa hiyo Josephat avue koti, aanze.

Baba, pumzika kwa amani, sisi huku tunamsubiri mwanao.